Ian Holm, Mtu wa Pembeni

Paris, Julai 1924. Mwanamume mmoja amejifungia katika chumba cha hoteli karibu na uwanja wa Olimpiki. Huko uwanjani zinakimbiwa mbio za mita 100, na miongoni mwa wakimbiaji yumo kijana aliyemnoa kwa mikono yake mwenyewe. Lakini hana ruhusa ya kuingia. Yeye ni kocha wa kulipwa, na wakubwa wa riadha ya Uingereza wa zama zile wanaamini kwamba muungwana hakimbii kwa msaada wa mtu anayechukua mshahara. Basi anangoja. Hajui nani kashinda mpaka wimbo wa taifa wa Uingereza unapopenya dirishani, na bendera inapoanza kupanda mlingoti juu ya mapaa ya nyumba. Anaichukua kofia yake ya majani na kuitandika ngumi moja mpaka inatoboka.

Filamu ni Chariots of Fire ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Hugh Hudson. Wengi walioiona wanakumbuka vijana waliovaa nyeupe wakikimbia ufukweni kwa mwendo wa taratibu, na muziki wa Vangelis. Anayetazama uigizaji kwa jicho la fundi hukikumbuka kile chumba cha hoteli. Mle ndani hakuna anayekimbia, hakuna wa kuzungumza naye, hakuna hata saa ya kuhesabia muda. Bado ushindi wa Harold Abrahams unausikia mwilini pale kuliko kwenye mstari wa kumalizia. Aliyekuwa kocha Sam Mussabini ni Ian Holm, mwigizaji aliyekuwa anakaribia miaka 50 na ambaye watazamaji wengi wa sinema walimjua sura bila kumjua jina. Kwa nafasi ile alishinda tuzo ya BAFTA ya mwigizaji msaidizi na akateuliwa kuwania Oscar. Oscar akaichukua John Gielgud, kwa kumcheza mtumishi wa nyumbani katika Arthur. Holm hakuteuliwa tena.

Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na Mombasa watazamaji wanaijua sheria moja: stelingi hafi. Holm hakuwa stelingi. Alikuwa yule mwingine: daktari, kasisi, karani, mkuu wa idara, mtumishi, roboti. Kwa zaidi ya nusu karne alilipwa ili dunia ya stelingi ionekane ya kweli, na mbele ya kamera alikufa mara nyingi tu.

Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1931 huko Goodmayes, Essex, mashariki ya London, akaitwa Ian Holm Cuthbert. Wazazi wake walikuwa Waskoti. Baba alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na msimamizi wa hospitali ya wagonjwa hao. Mama alikuwa muuguzi. Ni rahisi kulipa jambo hili uzito kupita kiasi, maana watoto wengi wa madaktari wamekuwa wahasibu na hakuna aliyeshangaa. Hata hivyo, ukiwapitia wahusika aliowacheza Holm utakutana mara kwa mara na mtu mmoja: mpole, nadhifu, mwenye adabu zake zote, na ndani yake kuna kitu kimeteguka. Mtoto aliyekulia penye hospitali ya namna ile alikuwa na sababu ya kujua mapema kwamba wazimu si lazima upige kelele.

Njia ya kwenda jukwaani ilipitia kwa daktari wa meno. Huko ndiko alikopata kujulishwa kwa Henry Baynton, mwigizaji mkongwe aliyekuwa akizunguka mikoani na tamthilia za Shakespeare, na Baynton akamfundisha mpaka akaweza kuingia RADA, chuo cha uigizaji cha London, mwaka 1950. Masomo yalikatizwa na jeshi la lazima, lililompeleka Austria. Mwaka 1954 alikuwa Stratford-upon-Avon, mji aliozaliwa Shakespeare, ameajiriwa na kampuni ya tamthilia ya huko. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimama na mkuki katika Othello. Hana la kusema. Yeye ni mlinzi, asimame wima na asikohoe.

Vijana wengi waliosimama na mikuki Stratford walichoka wakaondoka. Holm alikaa pale miaka 13. Alitazama. Alikuwemo katika Titus Andronicus ya mwaka 1955, ambayo Laurence Olivier aliibeba kwa nguvu zake zote kama mwigizaji mkuu, na akasafiri nayo Ulaya mwaka 1957. Mwaka 1959 Charles Laughton, nyota wa Hollywood mwenye mwili mkubwa, alirudi Uingereza kumcheza Mfalme Lear, na Holm akapewa Mchekeshaji, yule mtumishi wa mfalme mwenye ruhusa ya kumwambia bwana wake ukweli wakati wengine wote wamenyamaza. Nafasi hiyo ina mashairi, vitendawili na nyimbo, kisha katikati ya tamthilia Mchekeshaji anatoweka, na Shakespeare hasemi ameenda wapi. Kwa mwigizaji wa pembeni hakuna darasa linalozidi hilo: kusimama kando ya mtu mkubwa, kumwangazia, na kutoka bila kuagwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili Shakespeare si mgeni. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Juliasi Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Mwaka uleule wa 1963, Peter Hall na John Barton walikuwa Stratford wakizikata na kuzishona upya tamthilia za Henry VI na Richard III ziwe onyesho moja refu la sehemu tatu, The Wars of the Roses. Kampuni yenyewe ilikuwa imezaliwa upya mwaka 1961 chini ya Hall kwa jina la Royal Shakespeare Company, na Hall alikuwa ameanza kuwafunga waigizaji kwa mikataba mirefu ili wakue pamoja. Holm akapewa Richard III.

Ulikuwa uamuzi wa kuthubutu. Filamu ya Olivier ya mwaka 1955 ilikuwa bado vichwani mwa watu, na Richard wake mwenye pua ndefu na sauti ya chuma. Holm alikuwa mtu wa futi tano na inchi chache, mwenye uso wa mvulana. Badala ya zimwi akamleta kijana mwenye utani, mwepesi wa kutabasamu, anayeua watu bila kupandisha sauti. Mwaka uliofuata akawa Henry V, mfalme shujaa, naye pia akamshusha kutoka juu ya farasi: askari aliyelowa na kuchoka, anayewatia moyo wenzake huku naye akijitia moyo. BBC iliirekodi The Wars of the Roses na kuirusha mwaka 1965, na ndivyo watu wasiowahi kufika Stratford walivyomwona.

Mwaka huohuo Harold Pinter aliipa kampuni tamthilia mpya, The Homecoming. Ndani yake mna baba mmoja wa London, ndugu yake, na watoto wake wanaume; kaka mkubwa anarudi kutoka Marekani na mkewe, na nyumba yote inageuka uwanja wa mapambano ambao silaha yake ni maneno ya kawaida. Holm alimcheza Lenny, anayeishi kwa pesa za wanawake wanaojiuza na ambaye anaweza kumwomba shemejiye glasi ya maji ukahisi damu imekuganda. Pinter anajulikana kwa vituo vyake vya kimya, na waigizaji wengi huvijaza kimya hicho kwa nyuso nzito. Holm hakukijaza. Alingoja tu, kama mtu mwenye nafasi. Pinter mwenyewe alisema kwamba Holm akivaa kiatu chake, kinamtosha. Mwaka 1967 onyesho lilihamia Broadway, New York, na Holm akarudi na tuzo ya Tony ya mwigizaji msaidizi. Alipoiacha kampuni mwaka huo alikuwa na umri wa miaka 35, na wakosoaji walishamhesabu miongoni mwa waigizaji wa jukwaani bora wa kizazi chake.

Kisha likaja lililotokea mwaka 1976.

Royal Shakespeare Company ilikuwa London, ukumbi wa Aldwych, ikiandaa The Iceman Cometh ya Eugene O'Neill. Ni tamthilia inayozidi saa nne. Baa imejaa walevi waliokata tamaa, na katika sehemu nzima ya kwanza wanamngoja mtu mmoja, mchuuzi aitwaye Hickey, ambaye akija atanunua vinywaji na kuwachekesha. Jukwaa lote linamngoja. Ukumbi mzima unamngoja. Akishaingia, mzigo wa usiku ule unakuwa wake, na karibu na mwisho ana hotuba ambayo ni miongoni mwa ndefu kuliko zote katika tamthilia za Marekani. Hickey alikuwa Holm. Katika maonyesho ya utangulizi, kabla hata ya usiku rasmi wa ufunguzi, maneno yalimpotea. Alitoka jukwaani, na wenzake wakamkuta katika chumba cha kuvalia maleba amejikunja sakafuni kama mtoto aliye tumboni. Hakurudi kwenye onyesho lile. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba umakini ukishatoka, ubongo unafunga kabisa, kama milango ya jela inayobamizwa mmoja baada ya mwingine.

Hofu ya jukwaani si ugonjwa wa wanaoanza peke yao. Olivier ilimshika katika miaka ya 1960, akiwa ndiye mkuu wa National Theatre, hata akawaomba waigizaji wenzake wasimtazame machoni. Daniel Day-Lewis alitoka jukwaani katikati ya Hamlet mwaka 1989 na hakurudi kucheza tamthilia tena. Mwanafunzi anaogopa kwamba hajui. Mwigizaji wa miaka 20 ya kazi anaogopa kwa sababu anajua hasa ni maneno mangapi yanamngoja, na anajua kwamba kesho usiku, na keshokutwa, yatamngoja tena.

Ukiacha Uncle Vanya aliyocheza katika ukumbi mdogo wa Hampstead mwaka 1979, Holm alikaa mbali na jukwaa kwa miaka mingi. Wanaosimulia maisha yake huieleza miaka hiyo kama hasara. Kwa sinema ilikuwa neema. Kamera haimdai mtu hotuba ya nusu saa. Inamdai sentensi mbili, na akizikosea anarudia. Kamera pia inafika asikofika mtazamaji wa safu ya nyuma ya ukumbi. Holm tangu mwanzo alikuwa mtu wa kupunguza, na jukwaani kupunguza kuna mpaka wake, kwa kuwa aliyekaa juu kabisa naye kalipa tiketi. Mbele ya kamera mpaka huo haukuwapo. Hofu ilimfukuza kutoka mahali alipopapenda, ikamtupa mahali palipomfaa.

Kabla ya hapo alishapita katika filamu kadhaa, na moja inamgusa msomaji wa Afrika Mashariki. Shout at the Devil, iliyotoka mwaka uleule wa 1976, inatokana na riwaya ya Wilbur Smith na inafanyika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, vita vya kwanza vya dunia vikikaribia. Lee Marvin ni jangili wa pembe za ndovu, Roger Moore ni mshirika wake, na wote wawili wanaishia kuiwinda manowari ya Kijerumani. Kisa hicho kina asili ya kweli: manowari Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha Julai 1915 baada ya kushambuliwa na Waingereza. Filamu haikupigwa Rufiji. Ilipigwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na Malta. Na nani aliyepewa kuwa Mohammed, mtumishi bubu wa jangili? Ian Holm wa Essex. Mtazamaji wa Utete au Kilwa ana haki ya kukunja uso, maana watu wa pwani ile walikuwapo, na walikuwa na ndimi. Kwa upande wa kazi, lakini, ni nafasi ya ajabu kuikuta katika mwaka ule wa Hickey: filamu nzima bila neno hata moja.

Nafasi iliyomfikisha kila pembe ya dunia ilikuwa ya mashine. Katika Alien ya Ridley Scott, ya mwaka 1979, Holm ni Ash, afisa wa sayansi ndani ya chombo cha anga cha kubeba mizigo. Watazamaji wa kwanza hawakuambiwa kwamba Ash ni roboti, na wenzake ndani ya chombo hawakujua. Raha ya kuitazama filamu ile mara ya pili ni kumfuata Holm peke yake. Ash anafungua mlango ambao kanuni zinasema usifunguliwe. Ash anamtazama kiumbe wa kutisha kwa macho ya mtu anayeangalia kazi nzuri ya mikono. Ash, akiwa peke yake penye kiti chake cha uchunguzi, ghafla anaanza kurukaruka palepale aliposimama, mbio fupi zisizoenda popote, kama mtu aliyesoma kitabuni kwamba binadamu hunyoosha viungo. Hakuna anayemwona ila sisi.

Halafu tone la majimaji meupe linashuka kwenye paji la uso wake, na baada ya hapo hakuna adabu tena. Anamvamia Ripley, mwenzake chomboni, anajaribu kumsokomezea gazeti lililokunjwa kooni, mpaka Parker, aliyechezwa na Yaphet Kotto, anapompiga kwa mtungi wa kuzimia moto na kichwa kinaning'inia. Vilivyomwagika vilikuwa maziwa, tambi na gololi za kioo. Kichwa kinachosemeshwa juu ya meza, kikiwa kimelowa maziwa, ni cha Holm mwenyewe aliyepenyeza shingo kwenye tundu, na kutoka humo anasema kwa upole kabisa kwamba anawahurumia. Mwigizaji mwingine angeisema sentensi ile kwa kebehi. Holm anaisema kana kwamba huruma ni neno alilolipata kwenye orodha.

Mwaka 1981 ulikuwa wa mavuno. Palikuwa na Mussabini. Palikuwa na Time Bandits ya Terry Gilliam, ambamo Holm ni Napoleon anayeuteka mji kisha anakaa kuhesabu mashujaa wa historia waliokuwa wafupi. Alishakuwa Napoleon katika mfululizo wa televisheni wa mwaka 1974, na angekuwa Napoleon mara ya tatu mwaka 2001, katika The Emperor's New Clothes. Mtu mfupi akiwa mwigizaji atapelekewa Napoleon, apende asipende. Sifa ya Holm ni kwamba kati ya hao watatu hakuna wawili wanaofanana. Na palikuwa na redio: BBC iliigeuza The Lord of the Rings ya Tolkien kuwa mchezo wa vipindi 26, na sauti ya Frodo, kijana anayebeba pete ya laana, ilikuwa yake.

Televisheni ilimlisha wakati huo wote. Alikuwa J. M. Barrie, mtunzi wa Peter Pan, katika The Lost Boys ya BBC ya mwaka 1978, kazi ambayo baadhi yetu tungeiweka juu ya filamu zake nyingi. Alikuwa Himmler katika Holocaust mwaka huohuo, kisha Goebbels katika Inside the Third Reich mwaka 1982. Kuna faida katika kumpa mtu mwenye sura ya karani nafasi ya muuaji wa mamilioni, kwa kuwa mauaji yale yalipangwa mezani, kwa kalamu na muhuri.

Sinema nazo ziliendelea: Mbelgiji anayemkuta Tarzan katika Greystoke, mkuu wa ofisi mwoga katika Brazil, Polonius katika Hamlet ya Zeffirelli. Kenneth Branagh alipoipiga upya Henry V mwaka 1989, Holm hakuwa mfalme tena. Alikuwa Fluellen, afisa wa Wales mwenye maneno mengi. Yule aliyeivaa taji Stratford miaka 25 nyuma sasa anasimama matopeni kando ya mfalme kijana, naye wala haonyeshi kwamba anaijua njia.

Mwaka 1994 jambo la utotoni lilijitokeza bila kificho. The Madness of King George inamhusu mfalme George III, aliyeshikwa na wazimu mwaka 1788, na mchungaji Francis Willis aliyeitwa kumtibu. Holm ni Willis. Nigel Hawthorne ndiye mfalme, na ndiye mwenye mayowe, mbio na machozi. Kazi ya Willis ni kumtazama. Anamkazia mfalme macho mpaka mfalme anayashusha, kisha anaamuru afungwe kwenye kiti. Hakuna furaha ya ukatili usoni pake, wala huruma ya kujionyesha. Kuna utaratibu wa mtu ambaye kesho anaye mgonjwa mwingine. Kama alimchukua mtu fulani wa Goodmayes akamvisha nguo za karne ya 18, filamu haituambii.

Kurudi jukwaani kulimhitaji Pinter. Mwaka 1993 ukumbi wa Almeida, London, uliitoa Moonlight, na Holm akapewa Andy, mtumishi wa serikali mstaafu anayekufa kitandani huku akiwakaripia waliopo na wasiokuwapo. Mhusika yumo kitandani tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mtu aliyekimbia jukwaa kwa hofu, kurejea akiwa amelala na shuka juu ya magoti hakukuwa wazo baya. Maneno yalikaa. Pinter akapata tena mguu wa kiatu chake.

Baada ya hapo ndipo ulipokuja mwaka 1997, Holm akiwa na umri wa miaka 65, umri ambao mfanyakazi wa Uingereza wa wakati ule alipewa saa ya ukutani na kuagwa.

Mwezi Machi alikuwa Lear. Richard Eyre, aliyekuwa anamaliza muda wake wa kuiongoza National Theatre, aliiweka tamthilia katika Cottesloe, ukumbi mdogo kuliko zote za pale, watazamaji wakiwa wamekaribia kiasi cha kuisikia pumzi ya mwigizaji. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu uliipa jukwaa sifa za kamera. Lear wengi huanza kama milima. Huyu alianza kama baba mwenye hasira za karibu, yule anayepiga meza na watoto wazima wakatetemeka kwa mazoea. Mtu yeyote aliyekulia chini ya baba wa namna hiyo alimtambua kabla hajamaliza sentensi ya pili. Katika dhoruba alivua nguo zote. Hakuna aliyecheka. Mwili wa mzee mfupi, mweupe, uliolowa, ulieleza kuhusu mfalme asiye na ufalme mambo ambayo hotuba imeshindwa kuyamaliza kwa miaka 400. Mchekeshaji wake alikuwa Michael Bryant, mtu aliyemzidi umri. Na Holm, aliyewahi kuisimamia nafasi hiyohiyo kando ya Laughton, alimsikiliza Mchekeshaji kuliko Lear wengine wanavyosikiliza. Mwaka 1998 alipata tuzo ya Olivier kwa kazi hiyo, BBC ikaitoa kwa televisheni, na Malkia akampa cheo cha Sir.

Mwezi Mei, tamasha la Cannes lilifunguliwa kwa The Fifth Element ya Luc Besson, filamu yenye teksi zinazoruka na Bruce Willis, ambamo Holm ni kasisi mwenye kihoro, anayezimia na kujikwaa. Katika tamasha hilohilo ilishindanishwa The Sweet Hereafter ya Mkanada Atom Egoyan, na humo ndani Holm alikuwa, hatimaye, mhusika mkuu wa filamu. Basi la shule limezama kwenye ziwa lenye barafu, watoto 14 wamekufa, na wakili Mitchell Stephens anawasili mjini kuwashawishi wazazi wafungue kesi. Yeye mwenyewe ana binti anayepotea kwenye dawa za kulevya. Ndani ya ndege anamsimulia rafiki wa utotoni wa binti huyo kisa cha zamani: mtoto, angali mchanga, aling'atwa na buibui, akaanza kuvimba, na baba akampeleka hospitali akiwa ameshika kisu tayari, kwa maana daktari alimwelekeza kwa simu kwamba koo likiziba itambidi alikate mwenyewe. Kisu hakikutumika. Kamera inakaa karibu na uso wa Holm, naye anakisimulia kisa bila kukisukuma, na mtazamaji anatambua kwamba mkono ule haujawahi kukiachia kile kisu. Ni hotuba ndefu, ya peke yake, ya namna ileile iliyomwangusha Aldwych. Filamu iliondoka Cannes na Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa.

Wajukuu wa watazamaji wake wa kwanza walimpata kama Bilbo Baggins. Frodo wa redio alikuwa sasa mjomba mzee wa Frodo katika filamu za Peter Jackson, ya kwanza mwaka 2001 na ya tatu mwaka 2003. Kila mtu anakumbuka nukta ile Bilbo anapoiona pete shingoni mwa kijana na uso wake unageuka wa jini. Hiyo ni kazi ya mafundi. Kazi ya Holm ni sekunde zinazofuata: mzee anayetambua alichotaka kufanya, anayejikunja kwa aibu na kuomba radhi. Mwaka 2007 alikuwa sauti ya Skinner, mpishi mfupi mwenye hila katika katuni ya Ratatouille. Jackson alipomhitaji tena kwa filamu za The Hobbit, ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umeshamzuia kusafiri hadi New Zealand, hivyo Jackson akaja London na kamera zake. Filamu ya mwisho katika hizo, ya mwaka 2014, ndiyo ya mwisho kwake. Alifariki London tarehe 19 Juni 2020, akiwa na umri wa miaka 88.

Miaka minne baadaye uso wake ulirudi kazini. Katika Alien: Romulus, ya mwongozaji Fede Álvarez, kuna roboti aliyekatika kiunoni aitwaye Rook, wa toleo moja na Ash, na sura yake ni ya Ian Holm. Familia ilitoa idhini. Kinyago cha mitambo kilitengenezwa, kompyuta ikaongezwa juu yake, na watazamaji wakagawanyika: wengine waliona heshima, wengine waliona maiti inayolazimishwa kusema. Macho yalikuwa na kasoro, midomo ilikuwa nyuma ya maneno. Kwa toleo la kutazamia nyumbani watengenezaji waliurekebisha uso, wakaiacha kompyuta ifanye machache na kinyago kifanye zaidi. Lakini Rook husema na huonyesha hisia, na hayo hayakutoka kwa Holm wala kwa kompyuta. Yalitoka kwa mwigizaji wa Kiingereza aitwaye Daniel Betts, aliyezicheza sentensi zote kwa sauti yake na misuli ya uso wake, kisha uso huo ukafunikwa.